Fromaji ya Masisi, Keki ya Misisi: Tuchague Ipi?

(Haya ni maneno yaliyotolewa mbele ya kikao cha wanachama hapa Misisi na mama mwenzetu anayefanya kazi ya keki. Tumeyaandika karibu namna alivyoyasema, ili wale ambao hawakufika, na wale wanaotusaidia kutoka mbali, nao wayapate.)

  

Nimeombwa niseme juu ya keki ya fromaji, ile kule Tanzania tulikuwa tunaita jibini. Najua kuna wenye wanacheka. Mtu anasema: tuko na shida ya mbegu, tuko na shida ya minervali ya watoto, na huyu mama anatuletea habari ya keki! Lakini mnakumbuka kwenye kikao kilichopita kuliletwa ombi. Kikundi cha wamama wa keki kinaomba mkopo kwenye sanduku la AVEC, ili kiagize fromaji kutoka Goma na nyingine ya butiki, kwa ajili ya keki za Noeli na Bonane. Ile pesa si ya wamama wa keki peke yao. Ndani yake kuna hisa ya mama anayeuza mihogo, kuna ya baba anayeshona nguo, kuna ya mjane aliyeweka kidogo kidogo kila juma. Kwa hiyo mbele ya kupiga kura, tuelewe kwanza: keki hii inaomba fromaji gani?

Jibu langu nalitoa mapema, msije mkalala mbele sijafika mwisho. Fromaji ya keki tuitengeneze wenyewe, hapa hapa Misisi. Sisemi hivyo kwa sababu ya bei tu. Nasema hivyo juu ndiyo inayoifaa keki yenyewe.

KEKI HII IMETOKA WAPI

Wengi wetu tulijua kuoka tukiwa ukimbizini. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na Lugufu nayo ilijaa watu wa Fizi mpaka ilipofungwa 2009. Kule wamama walijifunza kuoka ndani ya sufuria, mchanga chini, makala juu ya kifuniko. Mashua za HCR zilipoanza kutuvusha kutoka Kigoma mpaka Baraka mwaka 2005, ujuzi huo tulirudi nao. Haukuhesabiwa kwenye mizigo.

Lakini keki ya fromaji hatukuitoa kambini. Imetufikia kupitia simu. Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu wakapelekwa kukaa Marekani wanatuma picha: mtoto anatimiza mwaka, na mbele yake keki nyeupe, laini, imekatwa vizuri kama sabuni. Sasa bibi harusi wa Misisi naye anaonyesha ile picha, anasema, "Mama, mi nataka hii." Na hapa ni mji wa dhahabu. Kuna siku pesa inapatikana, na mwenye anaoa siku hiyo hataki keki ya kila siku.

Kuna ndugu mmoja alituandikia kutoka kule: "Nyinyi muko na bahati, fromaji inatoka kwenu." Alichanganya. Fromaji inatoka Masisi, Kivu ya Kaskazini, kwenye milima ya malisho juu ya Goma. Sisi tuko Misisi, sekta ya Ngandja, teritwari ya Fizi. Herufi moja tu inatutenganisha kwenye karatasi, lakini kwenye barabara ni Kivu mbili nzima, na vizuizi, na vita katikati.

Ile keki ya Marekani inatengenezwa na fromaji ya krimu. Wanasema aliyeianzisha kule kibiashara ni bwana mmoja William Lawrence, wa mji wa Chester, jimbo la New York, mwaka 1872. Mwaka 1880 ikapewa jina la Philadelphia, na jina hilo liko kwenye karatasi yake mpaka leo. Sheria ya Marekani inadai iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33. Ndiyo sababu ni laini vile. Na inaishi ndani ya frigo, tangu kiwandani mpaka mezani.

Sasa sikilizeni vizuri. Keki ya fromaji ni ya zamani kuliko hiyo fromaji ya krimu. Wapolandi wako na yao, inaitwa sernik, wanatumia maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa, wanaita twaróg. Wajerumani wanatumia ya namna hiyo hiyo, wanaita Quark. Waitalia wanatumia ricotta. Zote tatu ni fromaji mbichi, nyeupe, ya mtu wa kijijini aliyekuwa na maziwa mengi siku ile na hakutaka yaharibike. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba bila kitu cha kopo kutoka ng'ambo hakuna keki.

FROMAJI ZILE TUNAZOZIONA, NA NAMNA ZINAVYOFANYA MOTONI

Mkitaka kuchagua fromaji ya keki, ulizeni mambo matatu. Iko na maji kiasi gani? Iko na chumvi kiasi gani? Na ikiguswa na moto inafanya nini?

Ya kwanza ni fromaji ya Masisi. Mimi naiheshimu sana. Ni ya mviringo, ngumu kidogo, rangi ya manjano, inafanana na ile ya Waholandi inayoitwa Gouda. Inatengenezwa kwa kimeng'enya cha kugandisha, inaminywa, inatiwa chumvi, kisha inawekwa ikomae. Kwa sababu maji yake yametolewa, inaweza kusafiri. Ukiila na mkate, au na ndizi mbivu, utamshukuru Mungu. Lakini uitie ndani ya keki, itakusumbua. Ikipata moto inayeyuka na kuvutika kama ulimbo, mafuta yanajitenga yanaelea juu, na chini panabaki chembechembe. Na chumvi yake inapigana na sukari. Ukiikwaruza na kuisaga namna gani, haitarudi kuwa laini. Hiyo si kosa lake. Ni fromaji ya kukata na kisu, si ya kukoroga na kijiko.

Ya pili ni ile ya pembe tatu, imefungwa na karatasi ya fedha, ndani ya kisanduku cha mviringo: La Vache qui rit. Ni ya Wafaransa, tangu 1921. Hii inakubali. Imeshapikwa kiwandani, ina chumvi maalumu zinazoshika mafuta na maji pamoja, kwa hiyo haijitengi motoni. Na haitaki frigo mpaka uifungue. Shida ni hesabu. Kipande kimoja kina karibu gramu 16. Keki ya watu 12 inaomba gramu 500. Gawanyeni wenyewe: ni vipande 31, maana yake visanduku 4 vya vipande 8 vinaisha karibu vyote ndani ya keki moja. Na bado utaonja chumvi. Mimi nasema, ukiwa na kisanduku kimoja, changanya na fromaji yako ya nyumbani ili ipate ulaini. Keki nzima ya pembe tatu ni ya mwenye duka.

Ya tatu ni fromaji mbichi ya nyumbani, ya maziwa na ndimu. Ina maji ya kutosha, haina chumvi mpaka uitie mwenyewe, na ikiguswa na moto haiyeyuki kabisa. Inashikana na mayai, inatulia. Ndiyo ndugu ya ile ya Polandi na ya Italia.

Ya nne, mashanza iliyochujwa. Mashanza nzito ukiitundika ndani ya kitambaa usiku mzima mahali pa baridi, inabaki kitu kama krimu, chachu kidogo, laini kushinda zote. Ukiweza, changanya sehemu mbili za fromaji ya ndimu na sehemu moja ya mashanza iliyochujwa. Hapo utapata ile ladha wanayoitafuta watoto wa Marekani. Lakini iwe mashanza ya maziwa yaliyochemshwa kwanza. Ile ya maziwa mabichi, hapana, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Chukua lita 3 za maziwa. Zitakupa karibu gramu 500 za fromaji, wakati mwingine pungufu kidogo, kulingana na maziwa. Ya ng'ombe ni mazuri, ya mbuzi pia yanaweza. Kama hakuna, na mara nyingi hapa Misisi hakuna, tumia maziwa ya unga yenye mafuta yake, uyakoroge mazito kidogo kuliko ya kunywa. Chembe zake zinakuwa ndogo, lakini kwa keki hiyo si shida, ni faida. Mwangalie tu: kuna unga mweupe wa kutia ndani ya chai, unafanana na maziwa lakini si maziwa. Huo haukupi fromaji.

Weka maziwa kwenye mbabula, moto wa wastani, ukoroge chini yasiungue. Yakipanda mara ya kwanza, toa sufuria motoni. Tia maji ya ndimu, vijiko 2 au 3 vya kula kwa kila lita, pole pole, ukikoroga kidogo. Utaona maziwa yanakatika: weupe unakwenda upande wake, na maji ya kijanijani upande wake. Kama maji bado ni meupe, ongeza ndimu kidogo. Kisha acha, usisumbue, dakika 10.

Mimina kwenye kitambaa cheupe ulichokichemsha. Suuza na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, ili uchachu wa ndimu upungue. Funga, tundika, masaa mawili hivi. Usikamue mpaka iwe kavu kama jiwe. Ikibonyezwa na kidole iache alama, na kidole kibaki na unyevu. Yale maji yaliyotoka msiyamwage. Yakandie mandazi asubuhi ile ile.

Sasa siri ya ulaini. Fromaji ya ndimu ina chembe. Ipitishe kwenye chujio la chai, uisukume na mgongo wa kijiko, mara mbili. Au itwange ndani ya kinu kisafi, ambacho hakitwangi pilipili wala sombe. Ukiruka hatua hii, mgeni atasema keki ina mchanga.

NAMNA YA KUOKA

Chini ya keki: gramu 200 za biskuti kavu, zisagwe, zichanganywe na vijiko 5 vya margarini iliyoyeyushwa. Bonyeza ndani ya kopo la kuokea la sentimeta 20.

Juu yake: gramu 500 za fromaji, kikombe kimoja kidogo cha sukari, mayai 3, vijiko 2 vya farini, nusu kikombe cha maziwa mazito, vijiko 3 vya siagi iliyoyeyushwa, chumvi ya kushika na vidole viwili, na ganda la ndimu lililokwaruzwa. Siagi ile ndiyo inaziba pengo: fromaji yetu haina mafuta kama ile ya Marekani. Mayai yatiwe mwishoni, moja moja, na usipige sana. Ukipiga sana unaingiza hewa, keki inavimba kama mandazi, kisha inaanguka na kupasuka.

Sufuria kubwa, mchanga mkavu vidole viwili chini, mawe matatu, kopo juu ya mawe, kifuniko, makala machache juu ya kifuniko. Moto mdogo! Keki ya unga inavumilia moto. Hii haivumilii. Baada ya saa moja, tikisa kidogo. Pembeni pawe pametulia, katikati patetemeke kama mafuta ya ng'ombe yaliyoanza kuganda. Hapo ondoa makala, uiache ipoe ndani ya sufuria yenyewe. Ukiitoa haraka kwenye upepo, inapasuka.

Na jambo moja la mji wetu. Mizani ya dhahabu iko kila kona hapa, ya unga ni chache. Mtu asiende kuazima mizani, kopo au sufuria iliyopitia kwenye kazi ya dhahabu. Zebaki iliyobaki kwenye chombo inaweza isionekane, haina harufu, na haitoki kwa kuosha na sabuni. Chombo cha keki kibaki cha keki.

USAFI NA MASAA

Hapa naomba mnisikilize kuliko pote. Keki ya unga ikilala siku tatu, inakauka tu. Keki ya fromaji ikilala kwenye joto, inaweza kuwaangusha watu wa harusi nzima. Na mkijua, sisi tuliorudi tunaangaliwa. Siku watu waumwe matumbo, hawatasema ni keki ya mama fulani. Watasema ni keki ya watu wa chama.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ile homa inayokwenda na kurudi na viungo vinauma, na hata kifua kikuu. Kwa hiyo kila tone lichemshwe. Fromaji ikishachujwa, itumiwe siku ile ile. Keki ikishapoa, isikae nje zaidi ya masaa mawili. Kwenye jua kali, saa moja. Kama sherehe ni jioni, oka mchana. Kama ni lazima ilale, ongea na mwenye depo ya vinywaji mwenye frigo na jenereta, mlipe nafasi ya usiku, na ile bei uiweke kwenye bei ya keki. Mtungi ndani ya mtungi, na mchanga wenye maji katikati, unapoza ndimu na mboga vizuri. Kwa keki hii hautoshi.

Tena, isiuzwe kwa kuzungushwa kwenye sinia sokoni. Keki hii ni ya kuagizwa. Mtu analipa nusu mbele, unajua siku, unajua saa, unajua watu wangapi. Hakuna kubahatisha.

HESABU YA CHAMA

Turudi kwenye ombi. Tukinunua fromaji ya mbali, pesa inatoka siku moja, kwa mzigo mmoja, na mzigo ukikwama njiani au ukipata joto, deni linabaki na fromaji imekwenda. Tukitengeneza wenyewe, mama anatoa pesa ya lita 3 tu, kwa keki moja iliyokwisha kulipiwa nusu. Hasara yake kubwa kabisa ni sufuria moja ya maziwa.

Na pesa ile inabaki hapa. Inamfikia mwenye maziwa, mwenye mayai, mwenye ndimu, mwenye makala. Mnajua maziwa ya teritwari yetu yanatoka kwa nani na wapi. Milima ya juu imepitia mambo mazito, ng'ombe wengi waliibwa na watu wengi walikimbia, wa kila kabila. Mimi si mwanasiasa. Ila najua kwamba mtu anayekuletea bidoni ya maziwa kila juma, na wewe unamlipa bila kumzungusha, mnaanza kuulizana habari za watoto.

Kwa hiyo naomba hivi. Ule mkopo tusiukatae, tuubadilishe. Uwe mdogo, na ununue vyombo: mizani ya jikoni, makopo ya kuokea, vitambaa, machujio. Vyombo vinabaki hata biashara ikilala.

Kwa wenye wanatuunga mkono kutoka mbali: tunawashukuru. Mkisikia tunaoka keki, mtafikiri tunahitaji furu ya umeme. Umeme wake utatoka wapi? Kipimajoto cha jikoni na frigo ndogo ya jua vingetufaa kuliko furu tatu.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: "Na kama mteja anataka lazima fromaji ya Masisi, juu amesikia ni nzuri?" Jibu: mkatie vipande, umpangie kwenye sahani pembeni na ndizi na karanga. Atafurahi, na keki yako itabaki keki.

Kijana mmoja: "Siki inaweza kuchukua nafasi ya ndimu?" Inaweza, vijiko 2 kwa lita, lakini usuuze vizuri zaidi, juu harufu yake inabaki.

Baba mmoja: "Sisi wababa tutaonja lini?" Kikao kijacho. Wamama wawili wataoka hapa mbele ya watu wote, moja ya pembe tatu na moja ya maziwa na ndimu, na mhasibu ataandika kila franka iliyotoka. Mtaonja zote mbili bila kuambiwa ipi ni ipi. Kisha tupige kura.